Mwizi Hana Tanuru

Chuma kikiibwa, hukumu hutoka kabla polisi hawajafika: ni chokoraa, ni wale vijana wa magunia. Wakikamatwa wawili watatu, mtaa mzima hulala ukiamini dawa imepatikana. Imani hiyo imeenea kuanzia vibandani hadi ikulu, na haina msingi.

Tuchukue wizi wa konveta za magari. Konveta hufungwa kwenye ekzosi, chini ya gari, ili kupunguza sumu ya moshi. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Mwaka 2016 aunsi moja ya rodiamu ilikuwa chini ya dola 1,000. Machi 2021 ilipita dola 29,000. Wezi hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Nchini Marekani, madai ya bima ya konveta zilizoibwa yalikuwa karibu 1,300 mwaka 2018. Mwaka 2022 yalizidi 64,000. Toyota Prius iliandamwa zaidi, maana injini yake hupumzika gari linapotumia betri, hivyo konveta huchakaa polepole. Jeki moja, msumeno wa betri, mikato miwili, basi. Asubuhi mwenye gari huwasha na kusikia mngurumo kama wa trekta.

Lakini huyo mwizi ataifanyia nini rodiamu? Hana tanuru, hana maabara, wala hajui mteja yeyote ng'ambo. Asipopata wa kumuuzia, alichonacho ni kopo zito la masizi.

Mnunuzi naye hujitetea kwamba hakujua. Utetezi huo haushiki. Konveta haiuzwi kwa kilo kama bati kuukuu. Mnunuzi huigeuza, hufuta kutu kwa kidole gumba na kusoma namba iliyogongwa kwenye ganda lake, kwa sababu namba hiyo ndiyo inayomwambia imetoka kwenye gari la aina gani na ina thamani gani. Anayejua kuwa konveta ni ya Prius, na anaona mikato bado inang'aa, hawezi kusema hajui ana nini mkononi.

Novemba 2022 serikali ya Marekani ilitangaza kukamatwa kwa watu 21 katika majimbo mbalimbali. Waendesha mashtaka walidai kwamba kampuni moja ya New Jersey, DG Auto, ilikuwa ikiwapa wauzaji bei za papo hapo kupitia programu ya simu, na kwamba unga wa madini uliotoka kwenye konveta uliuzwa kwa kiwanda cha kusafishia kwa zaidi ya dola milioni 545. Hakuna kijana wa gunia anayefika huko.

Uingereza iliona mapema kwamba wa kubanwa ni mnunuzi, wakati kilio kilikuwa nyaya za reli na mabamba ya risasi ya mapaa ya makanisa. Desemba 2012 ilipiga marufuku kununua vyuma chakavu kwa fedha taslimu England na Wales, na sheria ya 2013 ikamlazimu kila mnunuzi kuwa na leseni na kuthibitisha jina na anwani ya muuzaji. Katika miaka michache iliyofuata, wizi wa vyuma ulioripotiwa polisi ulishuka kwa zaidi ya nusu. Ni kweli, bei ya shaba nayo ilikuwa imeporomoka. Ni kweli pia kwamba rodiamu ilipopanda, konveta zilianza kuibwa kwa wingi huko huko Uingereza, kwani sheria isiyo na wakaguzi huishia kuwa karatasi. Hilo ni hoja ya kuongeza wakaguzi wa yadi, si ya kurudi kuwakimbiza vijana.

Kenya ilichagua njia nyingine. Januari 2022 minara ya umeme ilianguka Nairobi na nchi ikaingia gizani. Siku chache baadaye, akilaumu wizi wa vyuma, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu, ndani na nje ya nchi. Yadi halali zilifungwa pamoja na zile haramu, na waokota vyuma wakakosa riziki. Miezi michache baadaye marufuku ikaondolewa. Ajabu ni kwamba Sheria ya Vyuma Chakavu ilikuwepo tangu 2015, pamoja na baraza lake, na ilimtaka mfanyabiashara awe na leseni na aandike kila anachonunua. Ilifungwa biashara nzima badala ya kufunguliwa daftari.

Wapo watakaosema masharti kama ya Uingereza yatamuumiza mama anayeuza sufuria zilizotoboka. Marufuku ndiyo iliyomuumiza. Kenya hata muuza mahindi ya kuchoma hupokea M-Pesa, na kila laini husajiliwa kwa kitambulisho. Mnunuzi wa chuma akilazimishwa kulipa kwa simu tu, mama atapata pesa zake palepale, na aliyeleta konveta usiku ataacha jina lake.

Konveta ziwe na sharti la ziada: zinunuliwe tu kutoka gereji yenye leseni au mtu mwenye kadi ya gari husika, zipigwe picha namba ikionekana, na zikae yadini siku kadhaa kabla ya kusafirishwa. Mkaguzi akifika bila taarifa na kukuta konveta isiyo na picha, leseni ifutwe siku hiyo hiyo, na mwenye yadi apande kizimbani pamoja na aliyemuuzia.