TRENI YA MBIO, NDEGE AU BASI?



Wenzetu wa upande wa Muthetheni wametuletea swali ambalo limezua ubishi mkubwa huko kwao. Wengine wanasema yafaa Kenya ijenge reli ya treni za mbio kama zile za Japani, ili mtu atoke Nairobi na kufika Mombasa kwa saa mbili. Wengine wanasema hiyo ni fahari tu. Mwenye haraka na apande ndege, asiye na haraka na apande basi. Wametaka tuseme sisi tunaofanya kazi relini, nasi hatuna budi kujibu.

Kwanza, treni za mbio si hadithi. Wajapani walifungua reli yao ya Tokyo hadi Osaka tarehe 1 Oktoba 1964, kilomita 515, na leo treni iliyo ya haraka kuliko zote hukata safari hiyo kwa muda usiofika saa mbili na nusu. Wafaransa walifungua yao ya Paris na Lyon mwaka 1981. Hata hapa Afrika, Moroko ilifungua yake mwaka 2018 kati ya Tangier na Casablanca, na sehemu moja ya njia hiyo treni hufika kilomita 320 kwa saa. Katika safari za namna hiyo ndege hushindwa, maana huruka kwa saa moja lakini msafiri amekwisha poteza saa tatu katika kwenda uwanjani, kupekuliwa, kungoja, na kutoka tena uwanjani kuingia mjini. Ikiwa safari inapita kilomita elfu moja, hapo ndege ndiyo yenye nguvu.

Kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa reli mpya ni kilomita 472. Basi urefu unafaa kabisa. Kwa nini basi tusiunge mkono treni ya mbio?

Sababu iko katika reli yenyewe, na kila mfanyakazi wa reli anaijua. Reli yetu iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017 ni njia moja, na treni hupishana stesheni. Treni ya abiria huenda kilomita 120 kwa saa ikifika mwendo wake wa juu, na ya mizigo 80. Hata sasa, treni ya abiria ikija, ya mizigo huingia kando na kungoja. Ukileta treni ya kilomita 300 kwa saa, hiyo ya mizigo itakaa kando siku nzima. Kwa hiyo treni ya mbio hutaka njia yake peke yake, njia mbili, isiyo na kona kali, isiyovukwa na motokaa wala ng'ombe, na yenye umeme. Tena upepo haudanganyiki: ukizidisha mwendo mara mbili, upepo hukusukuma nyuma mara nne. Nguvu hiyo yote hulipwa na mtu.

Na mtu huyo ni nani? Wajapani huijaza reli yao kwa sababu mwisho huu una mamilioni ya watu na mwisho ule una mamilioni, na treni hufuatana kwa dakika chache. Reli yetu mwaka 2022 ilibeba abiria zaidi ya milioni mbili. Si haba, lakini Wajapani hubeba hesabu hiyo kwa siku chache tu. Reli hii yetu, ambayo si ya mbio, iligharimu shilingi kama bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China, nayo ilijengwa ikitegemea mizigo ya bandari. Tangu 2013 bidhaa nyingi zinazoingia kutoka ng'ambo zimetozwa ushuru wa reli, ulioanza kwa asilimia moja na nusu. Maana yake, mama wa Muthetheni ambaye hajaliona hilo garimoshi hata siku moja huchangia reli anaponunua sufuria. Akiambiwa achangie nyingine ya mbio, anayo haki ya kuuliza atapata nini.

Hebu tuhesabu safari yake kutoka mlangoni. Anatoka Muthetheni kwa matatu hadi Machakos. Kutoka hapo, akitaka treni isiyosimama njiani, hana budi kurudi nyuma kuelekea Nairobi hadi Syokimau, ingawa Mombasa iko upande mwingine. Akitaka ile inayosimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi, itambidi aamke jogoo hajawika, kwa maana huondoka asubuhi. Akifika stesheni hupanga mzigo wake chini unuswe na mbwa. Halafu hukaa garini saa tano au zaidi, na hushuka Miritini, si kisiwani, akatafute matatu nyingine. Stesheni za reli ya zamani zilikuwa ndani ya miji. Tukimpunguzia mama huyu saa tatu za garini kwa mabilioni mengi, bado hatujagusa zile saa nne au tano anazopoteza kabla ya kupanda na baada ya kushuka. Hizo hupunguzwa kwa matatu zinazongojea treni, na kwa treni ndogo za mjini zinazofika kwa wakati. Hilo ni jambo la fedha kidogo.

Nauli nayo. Reli ilipofunguliwa, daraja la kawaida lilikuwa Shs. 700/-. Baadaye likawa 1,000/-, na tarehe 1 Januari 2024 likapandishwa kuwa 1,500/-. Kwa baba mwenye watoto wanne hiyo ni fedha nyingi, na ndiyo maana wengi wamerudi kwenye basi. Ndege hatuisemi sana. Ni nzuri kwa mgonjwa na kwa mwenye biashara ya haraka, lakini wanachama wetu wanaoipanda ni wa kuhesabika kwa vidole.

Lakini wale wanaosema basi linatosha, nao hatukubaliani nao. Mwaka 2023, na tena 2024, watu zaidi ya 4,000 waliuawa barabarani katika Kenya. Barabara ya Mombasa usiku, lori nyuma ya lori, dereva amechoka na tajiri anampigia simu, kila mmoja wetu anamjua mtu aliyebaki pale. Treni moja hubeba abiria zaidi ya elfu moja, yaani mabasi ishirini. Hiyo ndiyo faida ya reli tunayoisimamia, wala haitaki kilomita 300 kwa saa.

Majirani zetu wa Tanzania wametuonyesha njia ya katikati. Treni yao ya umeme ilianza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma Julai mwaka huo. Mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa, na Dodoma hufikiwa kwa saa nne au pungufu, safari ambayo kwa basi humaliza mchana mzima. Kuitia reli yetu umeme tunaweza kuzungumza. Kujenga nyingine kando yake, hapana.

Neno kwa ndugu zetu madereva wa lori. Mizigo ilipolazimishwa kupanda reli, vijana wengi wa Mlolongo na Mtito Andei walikosa kazi, na amri hiyo ikaondolewa mwaka 2022. Hatukufurahia taabu yao. Chama kinachoshangilia mwenzake akikosa mkate kesho kitashangiliwa.

Kwa hiyo katika mkutano ujao tawi letu litataka nauli ya daraja la kawaida irudi 1,000/-, treni ya pili isimame Athi River na Emali saa za mchana, na matatu za Machakos zipewe nafasi ndani ya uwanja wa stesheni. Wenzetu wa Muthetheni wenye neno la kuongeza walilete kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi.