Farasi Sita Waliopotea

Nina ugomvi na vijana wenzangu, na ugomvi wenyewe ni wa pikipiki. Usicheke. Mji huu wa mawe unakwenda kwa pikipiki. Ukitaka kupanda Isamilo na mzigo, ukitaka kuwahi Mwaloni Kirumba alfajiri, ukitaka kumfikisha mgonjwa Bugando usiku wa manane, utapanda pikipiki. Kwa hiyo mtu anayesema ovyo juu ya pikipiki hapa Mwanza anasema ovyo juu ya maisha yetu, na mimi sitanyamaza.

Habari yenyewe ni hii. Mwishoni mwa mwaka 2024 Kawasaki ya Japani ilizindua Ninja 1100SX, pikipiki ya mbio na safari ndefu kwa pamoja. Yaani ni ile unayoweza kukimbia nayo mpaka machozi yakutoke, na bado ukafunga mabegi pembeni, ukampakia mwenzio nyuma, mkala mamia ya kilomita bila kuumwa mgongo. Ilichukua nafasi ya Ninja 1000SX iliyotoka mwaka 2020. Injini imekuzwa kutoka cc 1,043 hadi cc 1,099. Lakini, na hapo ndipo moto ulipowaka, nguvu zimeshuka. Ile ya zamani ilikuwa na nguvu za farasi 142. Hii mpya ina 136. Farasi sita wamepotea zizini.

Basi bwana wee, kilio! Huko majuu wapenzi wa pikipiki walinung'unika, na manung'uniko yakavuka bahari yakatua kwenye vijiwe vyetu. Nimewasikia masela wakibishana Kenyatta Road, nimewasikia Igoma, nimewasikia Buhongwa. "Injini kubwa, nguvu ndogo, Mjapani katupiga!" "Hiyo siyo Ninja tena, hiyo ng'ombe wa maziwa." Mmoja aliapa mbele yangu kwamba hata akipewa bure hapokei. Jamani! Mtu huyo huyo jioni ile alikuwa anatafuta mia tano ya kujazia lita moja ya mafuta.

Lakini simkejeli kwa umaskini wake. Wapo wenzetu wengine, hasa wale waliokwisha kupata ajira, wanaosikia mabishano haya na kusema: "Kapuku wewe, Ninja inakuhusu nini?" Hao nawapinga kabla sijawapinga wengine. Kuota si dhambi. Mtoto wa Mabatini ana haki ya kuitazama picha ya Ninja kama mtoto wa Milano. Hakuna sheria inayosema uzuri wa chuma uangaliwe na mwenye fedha tu. Ningekuwa mimi ndiye mwenye kauli, kila kijiwe kingebandikwa picha za pikipiki zote zilizowahi kutengenezwa duniani, watu wabishane mpaka usiku wa manane. Kwa hiyo mnaowaambia vijana wanyamaze, nyamazeni ninyi kwanza.

Ugomvi wangu uko mahali pengine. Wenzangu, mnabishana juu ya kitu mnachokijua, lakini mnabishana kama watu wasiokijua. Hayo ndiyo yanayoniuma.

Chukueni hao farasi sita. Walikwenda wapi? Hawakuibwa. Kipenyo cha silinda kimebaki milimita 77 kama zamani. Kilichoongezwa ni mwendo wa pistoni, kutoka milimita 56 hadi 59. Pistoni inayokwenda mwendo mrefu haipendi kuzungushwa kwa kasi ya kichaa, kwa hiyo nguvu za juu kabisa sasa zinapatikana kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika badala ya 10,000. Lakini ule uvutaji, ile nguvu ya kukusukuma mgongoni unapofungua mafuta, umeongezeka kidogo, na unakuja mapema zaidi. Gia ya tano na ya sita nazo zimerefushwa ili injini isipige kelele ukiwa safarini. Kwa lugha ya kijiweni: wamepunguza mbwembwe za juu, wakaongeza kazi ya chini.

Sasa niambieni, nani duniani anayepaswa kulielewa jambo hilo haraka kuliko dereva wa bodaboda wa Mwanza? Boxer 150 ina nguvu za farasi zipatazo 12 tu. Mbona inapanda Isamilo na abiria wawili na mtungi wa gesi? Inapanda kwa sababu pistoni yake inakwenda mwendo mrefu, milimita 58.8, na inavuta kuanzia chini. Someni tena hizo namba. Pistoni ya Boxer na pistoni ya hiyo Ninja mpya zinatembea karibu mwendo ule ule! Mafundi wa Japani, na elimu yao yote, wametengeneza pikipiki ya safari ndefu kwa kufuata kanuni ambayo ninyi mnaikalia kila siku kutoka saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku. Na ninyi, badala ya kusema "hii tunaijua", mkaimba wimbo wa mtu wa majuu anayelilia farasi sita ambao hata yeye, kwenye barabara zenye kamera, hana mahali pa kuwakimbiza.

Hapa kwetu ndiyo usiseme. Sheria inataka kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu, na kuanzia mjini mpaka Usagara ni makazi matupu, na trafiki yupo kichakani na tochi yake. Farasi 136 utawafungulia wapi? Mbele ya mama anayevuka na ndoo?

La pili linaniuma zaidi. Katika mabishano yote niliyoyasikia, hakuna hata mmoja aliyeuliza breki.

Hakuna! Walizungumza farasi, rangi, taa, kioo cha mbele, sauti ya bomba. Wakati Ninja hiyo inakuja na breki za ABS, zile zinazozuia tairi lisijifunge ukikandamiza ghafla, na toleo lake la SE limefungwa breki za mbele za Brembo za Italia. Mtengenezaji mwenyewe anajua kwamba pikipiki ya kilo 235 isiyosimama ni jeneza lenye rangi nzuri. Kwetu sisi breki si habari.

Nawapeni habari basi. Nchini India, kunakotoka sehemu kubwa ya pikipiki za vijiweni kwetu, sheria inasema kwamba tangu Aprili 2019 kila pikipiki mpya yenye zaidi ya cc 125 lazima iuzwe ikiwa na ABS. Ulaya walikwisha kutangulia. Sasa shukeni kijiwe chochote kuanzia Nyegezi mpaka Pasiansi, mhesabu pikipiki za cc 150 zenye ABS. Mtachoka kutafuta. Nyingi mtakazokuta zina breki za ngoma mbele na nyuma, zile za kubadilisha shuu, na mvua ikinyesha kwenye mteremko wa Bugando kila dereva anajua anachomwomba Mungu. Kwa nini Mhindi anayepanda cc 150 kwao alindwe na sheria, na Msukuma anayepanda cc 150 kwake alindwe na maombi? Swali hilo ndilo lingestahili kelele. Kwa swali hilo mngepiga meza mpaka chai imwagike, nami ningepiga nanyi.

Najua jibu litakalokuja. Mtasema: kaka, ABS inapandisha bei, na sisi pikipiki zenyewe tunazipata kwa mkataba. Ni kweli, na hilo nalo tuliseme. Kijana hana mtaji, tajiri ananunua pikipiki na kumkabidhi. Kila jioni kijana analeta hesabu, iwe mvua iwe jua, iwe amepata abiria au amelala na malaria. Akimaliza muda waliokubaliana, pikipiki inakuwa yake. Akikosa siku kadhaa, inarudi kwa mwenyewe, na miezi yote ile ya jasho inakwenda na maji. Mtu wa namna hiyo hawezi kupunguza mwendo. Hesabu ndiyo inayomkimbiza, hesabu ndiyo inayompakiza mishikaki, hesabu ndiyo inayomfanya aahirishe kubadilisha shuu mpaka wiki ijayo. Halafu anaanguka, na sisi tunasema "vijana hawa hawasikii". Serikali iliruhusu pikipiki kubeba abiria kwa leseni kwa kanuni za mwaka 2010, na mwaka 2021 ikapunguza faini ya bodaboda kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Tulishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini faini ndogo haisimamishi pikipiki. Breki ndiyo inayosimamisha.

Sasa nawageukia ninyi mnaoandika, kwa sababu gazeti hili ni lenu na nimewaweka mwisho kwa makusudi.

Mwenye kijiwe anaweza kusamehewa. Yeye kazi yake ni kubeba watu, na maneno ni ya kupitishia muda. Lakini mwandishi kazi yake ni maneno. Nimesoma miswada ya wenzetu inayopita mkono kwa mkono. Shujaa ana pikipiki kubwa nyeusi. Anaitwa Brian. Anakimbia usiku kwenye barabara isiyo na jina, katika mji usio na jina, mvua inanyesha kama kwenye video, na nyuma yake amekumbatiwa na Jessica. Hakuna vumbi, hakuna jiwe, hakuna ziwa. Pikipiki ya Brian haimalizi mafuta, haikatiki cheni, haisimamishwi na trafiki. Ukimwuliza mwandishi pikipiki hiyo inawashwaje, hajui. Na huyo mwandishi amefika kwenye kikao chetu amepanda bodaboda! Dakika ishirini amekaa nyuma ya mtu mwenye hadithi, akishika kiti, akitazama kisogo, na hakumwuliza hata jina.

Hiyo ni farasi sita kwa mara nyingine. Tunasoma kipimo cha wengine, tunalia kilio cha wengine, na kitu kinachopita chini ya makalio yetu hatukioni.

Msiniambie kwamba mambo ya kwetu ni madogo mno kwa fasihi. Tazameni ng'ambo tu ya maji haya, Ukerewe. Mzee Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, na mwaka 1980 ikatoka kwa Kiswahili. Miaka 35 ya kungoja! Ndani yake kilimo, uvuvi na pombe vimeelezwa kwa subira ya mtu anayejua kazi. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Namagondo, aliianzisha Rosa Mistika ya mwaka 1971 pale pale Namagondo, hakuipeleka Paris. Hawa ni wa ziwa letu. Walikuwa na jembe na mtumbwi, wakaviandika. Sisi tuna pikipiki, tunamwandika Brian.

Na mnataka safari ndefu? Ipo. Tarehe 19 Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji. Zamani mtu wa Sengerema au Geita alisubiri kivuko, na foleni ikiwa mbaya saa zilipita akitazama upande wa pili kwa macho tu. Leo dereva wa cc 150 anafunga gunia la dagaa kwenye keria, anavuka kwa dakika chache, upepo wa ziwa unamvuta ubavuni, na hana kioo cha mbele cha kumkinga. Huyo ndiye dereva wetu wa safari ndefu. Mwandishi gani amekwenda Kigongo kumwuliza siku ya kwanza alipovuka alijisikiaje? Mwandishi gani amewauliza wachuuzi waliokuwa wakiuza mahindi ya kuchoma kwenye foleni ya kivuko, sasa wanamwuzia nani?

Sijasema msimwandike mwenye Ninja. Mwandikeni, lakini mjue pistoni yake inakwenda wapi. Mkitaka kumwandika Brian, mpelekeni kwa fundi, cheni imkatikie Mkuyuni, mikono yake inuke grisi hata Jessica akunje pua. Na mkisikia tena watu wanabishana juu ya pikipiki mpya, ingieni, bishaneni, piteni kwenye farasi haraka haraka, kisha ulizeni: inasimama kwa mita ngapi kwenye mvua? Ni nani aliyesaini mkataba? Hesabu ni shilingi ngapi kwa siku?

Kwa upande wangu nimeshaanza. Daftari ninalo, na kila ninapopanda bodaboda nauliza maswali mawili: pikipiki ni yako au ya mkataba, na shuu umebadilisha lini. Majibu ninayopata hayajawahi kuwa mafupi. Wengine huzima pikipiki kabisa ili wamalizie kusimulia, wakiacha abiria mwingine anaita. Mwenye kunipinga na aandike, uwanja uko wazi. Ila aje na namba mkononi, na aje amekwishaongea na dereva aliyemleta.