Mbawakawa wa Mawaridi

Mvua zinapoanza kunyesha huko Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru kaskazini mwa Zambia, miwaridi huchipua na kutoa tumba. Wakati huohuo hutokea maadui wake. Mama wa nyumba huliacha ua zuri jioni, na kesho yake hukuta kikonyo kitupu.

Adui wa mchana ni mbawakawa mweusi mwenye mikanda ya manjano mgongoni. Kusini mwa Afrika huitwa CMR, kifupi cha Cape Mounted Rifles, kikosi cha zamani cha askari wa farasi, kwa kuwa rangi zake zilifananishwa na sare yao. Huyu hula maua na tumba. Adui wa pili ni mbawakawa wa kahawia, ambaye hujificha udongoni mchana na kutoka usiku kula majani. Basi majani yakionekana yametobolewa na mdudu haonekani, mwenye bustani na amtafute kwa tochi baada ya giza kuingia.

Wengi hukimbilia dawa ya kunyunyiza. Lakini mkazi wa Nchelenge ana sababu mbili za kujizuia. Kwanza, ziwa ndilo ghala la samaki, na maji ya mvua huichukua sumu ya bustani hadi humo. Dawa za jamii ya pareto zitengenezwazo viwandani huua samaki hata zikiwa kidogo sana. Pili, wilaya hiyo ina malaria nyingi, na wataalamu wamekwisha kuthibitisha kwamba mbu wa huko wameanza kuzihimili dawa za jamii hiyohiyo, ambazo ndizo zinazotiwa katika vyandarua. Anyunyizaye ovyo bustanini huenda akawazoesha mbu silaha inayowalinda watoto wake kitandani.

Kwa miwaridi michache ya nyumbani, mkono hutosha. Asubuhi na mapema, mbawakawa wakiwa bado wazito kwa baridi, ndoo yenye maji ya sabuni iwekwe chini ya tawi, kisha tawi litikiswe ili waangukie humo. Kazi hiyo irudiwe kila siku msimu wote. Wale wa usiku huvutwa na mwanga. Kwa hiyo taa ya barazani iliyo karibu na miwaridi izimwe mapema.

Mbawakawa wa mikanda asishikwe kwa mikono mitupu wala asipondwe kwenye ngozi, kwa maana majimaji yake huleta malengelenge. Glavu au kitambaa kinene kitumike. Yakimwagikia ngozi, pakoshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, na macho yasiguswe. Sumu hiyo ikimezwa yaweza kuua. Mtoto aliyemtia mdudu huyu kinywani apelekwe hospitali bila kuchelewa. Wafu wafukiwe mbali na kuku na mbuzi.

Hata hivyo, si haki kumwinda kila mahali. Mabuu yake huishi ardhini na kula mayai ya panzi, ambao ni waharibifu wa mashamba. Yatosha kumwondoa kwenye mawaridi. Aliyeko porini aachwe aendelee na kazi yake.