Tuhesabiane: wito kwa wasafiri wa Bukama

Ndugu zangu wa Bukama, naomba kalamu zenu. Sitaki mchango wa pesa, na sigombei kiti. Naomba kila anayetoka nyumbani kwake, awe anakwenda Kamina, Luena, Kikondja au shambani tu, aiandike safari yake kwenye daftari. Nitawaeleza sababu. Mnivumilie, maana inanibidi nianzie mbali kidogo.

Muulize mzee wa hapa zamani alikuwa akisafiri lini, atakutajia siku ya juma. Muulize mjukuu wake atasafiri lini, atakujibu: "Treni ikija." Siku hizi tunapanga safari kwa simu. Unampigia ndugu aliye Luena, unamuuliza kama imepita. Akisema bado, unarudi kulala. Akisema imepita usiku, unakunja mkeka na kuanza kutafuta mwenye moto, yaani pikipiki. Mama mwenye vikapu vya samaki hawezi kulala hivyo siku nne, kwa sababu samaki hawamngojei.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Reli ilifika hapa mwaka 1918 ikitoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, na kwa miaka 10 Bukama ndiyo ilikuwa kichwa cha reli upande huu. Aliyetaka kuendelea kaskazini alishuka stesheni, akabeba mzigo wake mpaka bandarini, akapanda meli ya kampuni ya CFL iliyoteremka mto Lualaba hadi Kabalo na Kongolo. Kabalo palikuwa na reli nyingine iliyokwenda Albertville, yaani Kalemie. Hapo unavuka ziwa hadi Kigoma, na kutoka Kigoma kuna treni hadi Dar es Salaam. Mtu wa Bukama aliweza kufika Bahari ya Hindi kwa kupanda na kushuka tu, akichoka miguu bandarini pekee. Watoto wetu wanaosoma jiografia wakidhani mji huu uko mwisho wa dunia, waonyesheni mstari huo kwenye ramani.

Halafu mwaka 1928 reli ikafika Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, na Bukama ikawa stesheni ya kupitia. Mwaka 1956 Kamina ikaunganishwa na Kabalo kwa reli, na hapo hata abiria wa kaskazini hakuwa tena na sababu ya kulala kwetu akingoja meli. Meli zikapungua. Mto tukaachiwa sisi wenyewe: mitumbwi, na zile mashua kubwa za mbao tunazoziita balenyeri, zinazoleta samaki wakavu kutoka maziwa ya Kisale na Upemba, na kurudi na chumvi, sabuni na vitambaa.

Mwaka 2015 jambo jingine lilitugeuza bila kelele. Katanga iligawanywa, Haut-Lomami ikawa jimbo, makao yake Kamina. Tangu siku hiyo mwenye karatasi ya kutafuta, kesi ya kufuata au diploma ya kuulizia anaangalia Kamina, wakati zamani karatasi hiyohiyo ingempeleka Lubumbashi. Miguu yetu ikabadili mwelekeo. Lakini mpaka leo sijaona ofisi yoyote iliyokaa ikajiuliza: hawa watu wanaokwenda Kamina sasa ni wangapi, na wanapanda nini?

Wanapanda kinga, yaani baiskeli, wengi wao. Naisifu kinga bila aibu. Treni ilipoanza kukosa siku, baiskeli ndiyo iliyolisha mji huu. Makaa yanayopika bukari yetu, yaani ugali, yanakuja juu ya kinga, mihindi pia, na bidoni za mawese zimefungwa kwa mpira wa tairi kuukuu, mwenyewe akisukuma kwa fimbo kwa sababu nafasi ya kukaa haipo. Njia ni mchanga kiangazi na matope masika, na Lualaba ikijaa njia nyingine zinakatika kabisa. Mtu huyo analala porini, anaamka, anasukuma. Ndiye lori letu. Baadaye zikaja moto za Kichina, na vijana wakapata kazi ya kubeba watu. Safari ya siku nzima ikawa ya saa chache kwa mwenye faranga, na kwa asiye nazo ikabaki safari ya siku nzima.

Na wengine wanapanda juu ya mabehewa ya mizigo. Hapa ndipo wito wangu unapotoka.

Tarehe 10 Machi 2022, karibu na usiku wa manane, treni ya mizigo iliyokuwa ikitoka Luena kwenda Tenke iliacha reli pale Buyofwe, katika teritwari ya Lubudi. Mabehewa 7 kati ya 15 yalianguka bondeni. Watu 75 walikufa kwa hesabu iliyotangazwa, na zaidi ya 100 waliumia. Treni hiyo haikuwa ya abiria, na waliokuwamo waliitwa wapandaji wa siri. Siri gani? Mama mwenye mtoto mgongoni na vikapu viwili si mtu wa siri. Kila stesheni ilimwona akipanda. Ila hakuwa na tiketi, kwa sababu hapakuwa na treni ya kumuuzia tiketi, na asiye na tiketi haingii katika kitabu chochote. Kwa hiyo katika hesabu za reli, safari yake haikuwahi kutokea mpaka siku alipokufa.

Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Reli inahesabu tiketi. Haioni tiketi, inasema abiria hawapo. Abiria hawapo, kwa nini ilete behewa? Behewa haliji, tunapanda juu ya makaa na mbao, na hesabu inabaki sifuri. Mwenye kinga naye hahesabiwi, wala wa moto, wala wa mtumbwi, wala anayetembea kwa mguu. Mji mzima unahama kila asubuhi na kwenye karatasi umekaa kitako.

Najua kwetu kuhesabiwa hakuna sifa nzuri. Wakati wa Wabelgiji karani alipofika kijijini na kitabu, nyuma yake ilikuja kodi, na nyuma ya kodi wakaja wachukuaji wa watu wa kwenda migodini. Hata leo kwenye vizuizi vya barabarani, anayekuuliza umebeba nini hakuulizi kwa upendo. Ndiyo maana sisemi tuhesabiwe. Nasema tuhesabiane. Daftari liwe letu, lisiwe na jina la mtu hata mmoja, na likae parokiani, shuleni au kwa mzee wa mtaa ambaye watu wanamwamini.

Kwenye daftari andika tarehe, umetoka wapi, umekwenda wapi, umepanda nini, umengoja na kusafiri saa ngapi, umelipa kiasi gani, na ulifuata nini: soko, hospitali, shule, kilio. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake. Walimu wa darasa la sita nawaomba jambo la pekee. Wapelekeni wanafunzi mara moja kwa mwezi, siku ya soko, wakae stesheni, bandari ya mitumbwi na njia ya soko, mbali na reli na mbali na magurudumu, wahesabu kwa saa moja: kinga ngapi, moto ngapi, miguu mingapi. Ni somo la hesabu lisilohitaji kitabu cha kununua. Na ninyi mama wa samaki, naomba mwe wa kwanza, kwa sababu hakuna mtu anayeijua njia hii zaidi kuliko ninyi.

Tukiwa na madaftari ya miezi sita tuyapeleke kwa msimamizi wa teritwari na kwa wabunge wetu wa jimbo pale Kamina, tukaombe kitu kimoja kidogo: behewa la abiria lifungwe kwenye treni inayopita, kwa siku inayojulikana. Reli ipo na stesheni zipo. Dar es Salaam walifanya jambo la jamaa hiyo mwezi Oktoba 2012. Walichukua reli zilezile za kizamani, wakaweka treni ya kubeba wafanyakazi asubuhi na jioni kati ya Ubungo na Stesheni, na watu wakaipa jina la waziri wao, treni ya Mwakyembe. Msongamano wa Dar unaonekana hata na mpita njia. Wa kwetu umetawanyika porini na mtoni, na asipouandika mwenyewe anayesafiri, wakubwa hawauoni.

Siku hizi redioni mnasikia sana habari za njia ya reli ya kwenda bandari ya Lobito na shaba inayopita huko. Ni habari njema kwa Kolwezi. Lakini njia hiyo inakata kona Tenke kwenda magharibi, na sisi tuko kaskazini. Tusikae tukingoja itugeukie.

Na wakati tunaandika, naomba neno moja zaidi kwa anayekusudia kupanda juu ya mzigo wiki hii. Yaya, kaka, mama, ukiweza kungoja, ngoja. Ukiwa huna budi, mwache mtoto nyumbani, na kabla hujaondoka pitia kwa mwenye daftari umwambie unakwenda wapi, ili safari yako iwe imeandikwa mahali fulani.

Daftari la kurasa 100 na kalamu vinapatikana sokoni. Tuanze siku ya soko inayokuja, saa kumi na mbili asubuhi, pale stesheni.