Mlango wa Luther uliungua zamani

Msomaji, ukijaliwa kufika Ujerumani, usiridhike na picha ya mlango wa kanisa la Wittenberg. Ule wa mbao, ambao inasemekana Martin Luther aligongomea hoja zake 95 mwaka 1517, uliteketea mwaka 1760. Utakaouona ni wa shaba nyeusi, uliowekwa mwaka 1858.

Panda gari moshi hadi Eisenach, kisha ukwee kilima hadi ngome ya Wartburg. Humo mna chumba kidogo chenye kuta za mbao. Luther alipojificha huko mwaka 1521, akijiita Junker Jörg, alilitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani kwa muda wa majuma 11 hivi. Alitaka lugha ya mama nyumbani na ya watu sokoni.

Jambo hilo linatuhusu. Mwaka 1844 Mjerumani mwingine, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa na mwaka huo huo akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili.

Basi nawe mzazi, jiulize: lugha uliyolelewa nayo, wanao wanaijua, au wanaionea haya?