Abiria wa Kumi na Tano

Ubavuni mwa ile Nissan paliandikwa abiria 14, kama sheria inavyotaka. Jalada lililoletwa kwenye kikao cha kamati ya sacco yetu hapa Mombasa lilikuwa na majina 19 ya watu waliodai kuumia ndani yake. Tuliyahesabu mara mbili. Mwenye gari, mzee ambaye sote tunamwita Baba kwa heshima ya umri wake, aliyasoma yote kwa sauti, akalifunga jalada, akasema, "Siku ile gari langu halikujaa hata nusu."

Ajali yenyewe ilikuwa ya kweli. Gurudumu la mbele lilipasuka kabla ya kufika Mariakani, gari likaacha lami na kulala ubavu. Mama mmoja muuza samaki alivunjika nyonga. Wengine wachache walichubuka, wakapanguswa damu zahanati na kurudi makwao siku hiyo hiyo. Lakini kabla ya wiki kwisha broka wa ajali alikuwa amekwisha kupita. Alikuwa na nakala ya abstrakti ya polisi, alikuwa na daktari wake wa kuandika ripoti, na alikuwa na shilingi kidogo za kumpa makanga kwa kila jina litakaloongezwa. Makanga akaongeza. Akamwandika ndugu yake, akawaandika vijana wa stendi, akamwandika hata msichana wa kibanda cha chai ambaye siku ile alikuwa anapika chapati.

Nawaandikia nyinyi, wenye magari wenzangu, madereva, makanga, mafundi na abiria, kwa sababu niliyaona yaliyofuata tangu mwanzo hadi mwisho, na sitaki yampate mwingine.

Madai yalikwenda mahakamani. Kampuni ya bima haikujitetea vizuri, na mengi yakashinda. Kabla malipo hayajatoka, kampuni ikashindwa kubeba mzigo wake, ikawekwa chini ya msimamizi, na malipo yote yakasimamishwa. Yule mama wa nyonga alikuwa na hukumu mkononi, na hukumu hainunui dawa. Mawakili wa wale wengine hawakuwa na subira. Asubuhi moja, kabla ya magari kutoka, dalali wa mahakama alifika kwa Baba na hati yake, akaichukua Nissan na nyingine aliyokuwa ameinunua kwa mkopo. Makanga aliyeandika yale majina alikuwa kazini siku hiyo. Akakosa kazi saa ile ile, pamoja na dereva wake.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza wenye magari swali moja: ukishtakiwa kwa ajali, hukumu huandikwa jina la nani? Wengi hujibu kuwa ni la kampuni ya bima. La. Huandikwa jina lako wewe mwenye gari, na la dereva wako. Sheria yetu ya bima ya mtu wa tatu, ile Sura ya 405, huiwajibisha kampuni ilipe hukumu hiyo kwa niaba yako, na kwa mdai mmoja wajibu huo unafika shilingi milioni 3. Kinachozidi hapo ni chako. Kampuni ikianguka, huenda chote kikawa chako. Kwa hiyo jina la uongo linapoingizwa kwenye orodha, deni linaandikwa kwa jina lako, adaiwe mwingine kwa muda tu, na siku huyo mwingine akiishiwa linakurudia mlangoni.

Na kuishiwa si jambo geni katika nchi hii. United Insurance, iliyokuwa na matatu nyingi mno, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005. Standard Assurance ikafuata mwaka 2009, Blue Shield mwaka 2011, na nyingine zikaja baada yake. Sitasema kwamba ni madai ya uongo peke yake yaliyoziangusha kampuni za matatu. Uongozi mbovu ulikuwepo, na kulikuwa na mashindano ya kuuza bima kwa bei ambayo haiwezi kulipa hasara. Lakini chombo kinachovuja hakiongezewi tundu. Kila kampuni inapoondoka, zinazobaki kubeba magari ya abiria huwa chache, ada hupanda, na anayelipa ada hiyo ni yule yule aliyeambiwa kwamba pesa za bima hazina mwenyewe. Mwisho wake mzigo humwangukia abiria wa Mtwapa na Likoni kwenye nauli.

Nageukia sasa magari ya nyumbani, maana tusijifanye kwamba ulaghai unakaa stendi peke yake.

Umegongwa mlango wa kushoto. Unakwenda gereji, fundi anazunguka gari, anaona bampa ya nyuma ina mbonyeo wa mwaka jana, anakwambia kwa wema kabisa, "Hii nayo tuitie humo humo, bima ndiyo inayolipa." Anaongeza na taa. Wewe unaona kwamba umelipa ada miaka minne bila kudai kitu, kwa hiyo ni haki yako kurudishiwa kidogo. Naielewa hisia hiyo, na nimeisikia kwa watu waaminifu ninaowaheshimu. Lakini asesa wa bima atakayekuja kulikagua gari si kipofu. Chuma kilichobonyea mwaka jana kina kutu na vumbi ndani ya nyufa za rangi. Kilichobonyea juzi kinang'aa. Pigo la ubavuni linasukuma bati upande mmoja, wala halirukii nyuma kuvunja taa. Akishaona hivyo hatakata bei ya bampa peke yake. Karibu kila mkataba wa bima ya gari una kifungu kinachosema kwamba dai likiwa na udanganyifu mahali popote, lote linapotea. Unapoteza bampa na taa, unapoteza na ule mlango uliokuwa haki yako.

Kama gari liko chini ya mkopo, hali ni nzito zaidi. Benki haikupi pole kwa kuwa dai limekataliwa. Inaendelea kukata kila mwezi pesa za gari lililokaa juu ya mawe.

Kuna na uongo mdogo ambao watu hawauiti uongo. Mtu anakata bima ya gari la binafsi, kisha jioni anabeba abiria wa kulipa ili asaidie karo za watoto. Mwingine anaandika kwamba gari lina thamani ya shilingi 600,000 ilhali sokoni ni milioni 1.2, apate ada nafuu. Wa kwanza akipata ajali akiwa na mteja ndani, kampuni itasema haikuwahi kuikubali kazi hiyo, na mara nyingi itasimama hapo hapo. Wa pili, gari likiibiwa, hawezi kupata zaidi ya zile 600,000 alizoandika. Likigongwa tu, mikataba mingi humhesabu kuwa amekatia bima nusu ya gari: matengenezo ya shilingi 200,000 atalipiwa 100,000, nyingine atoe mfukoni. Hakuna aliyemwibia. Alijipunja mwenyewe siku alipojaza fomu, kwa akiba ya ada ambayo pengine haikufika elfu ishirini na tano.

Wengine hufika mbali zaidi: gari linafichwa au kuuzwa vipuri kisha linaripotiwa kuibiwa, au baba anadai alikuwa kwenye usukani ilhali aliyegonga ni mwanawe asiye na leseni. Haya nayapita upesi, si kwa udogo wake, ila kwa kuwa anayeyafanya anajua anachofanya. Nimwambie tu kwamba simu yake inajua alikuwa wapi saa ile, malipo ya M-Pesa yana saa na dakika, na kitengo cha polisi wa upelelezi kinachoshughulikia ulaghai wa bima kipo kwa kazi hiyo. Kujipatia mali kwa hila ni kosa la kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 3. Nimemwona baba wa watu akisimama kizimbani kwa ajili ya gari kuukuu. Mkewe alikaa benchi la nyuma muda wote, mkoba mapajani, bila kumwangalia mtu.

Kijana unayeitwa pembeni uambiwe "wewe tia sahihi tu, mengine tuachie," nisikilize kidogo. Najua kazi hakuna. Najua elfu mbili taslimu ni chakula cha nyumbani kwa siku kadhaa. Lakini hebu angalia unachouza. Namba yako ya kitambulisho itakaa kwenye jalada la mahakama miaka mingi baada ya hizo elfu mbili kwisha. Utaapishwa, utaulizwa ulikaa kiti gani, uliingia kituo gani, nani alikuwa upande wako wa kulia, na wakili wa upande wa pili ataweka mbele yako kitabu cha hospitali kisicho na jina lako. Broka hatakuwa chumbani humo. Na siku utakapopanda gari ukaumia kweli, Mungu aepushe, utakuta jina lako limekwisha kutumika.

Madaktari na mawakili sina mengi ya kuwaambia, mna viapo vyenu. Ombi langu ni moja: kabla ya kuandika kwamba mtu ameumia shingo, mwite, mshike hiyo shingo.

Nisiwasahau watu wa kampuni za bima, kwa sababu ningekuwa nadhulumu kama ningewalaumu wanyonge peke yao. Mtu mwaminifu akileta dai halali akazungushwa miezi minane, akaombwa karatasi ile ile mara tatu, hatimaye akapewa nusu bila maelezo, mmemfundisha kwamba ukweli haulipi. Mwaka ujao atakuja ameongeza, ili mkikata abaki na kinachomtosha. Lipeni madai ya kweli upesi. Mkikataa, andikeni sababu kwa lugha ambayo mama wa sokoni anaielewa. Nawe uliyekataliwa bila haki, usilipize kwa kudanganya. Mamlaka ya Kudhibiti Bima hupokea malalamiko ya wananchi, na barua yenye nakala za karatasi zako ina nguvu kuliko unavyodhani.

Cheti nacho tukiangalie. Bado wako watu wanaouza vyeti vya bima mitaani kwa bei ya kuvutia, na anayenunua huweza kuwa hana nia mbaya hata kidogo. Siku hizi vyeti vya kampuni za bima ni vya kidijitali, vinatolewa kupitia mfumo mmoja wa chama cha kampuni hizo, na ukiingiza namba ya gari ukweli unaonekana papo hapo. Usimlipe wakala mpaka ameingiza namba ukaona kwa macho yako jina la kampuni na tarehe. Gari lisilo na bima halali likimgonga mtoto wa mtu, hakuna wa kusimama kati yako na mzazi huyo.

Ninachowaomba hasa ni kitu kidogo, na sisi tulikianza baada ya Nissan za Baba kupigwa mnada. Kila gari la sacco yetu lina daftari la kurasa 96 chini ya kiti cha dereva. Ikitokea ajali, wakishasaidiwa walioumia, makanga anaandika papo hapo majina ya wote waliokuwemo, namba zao za simu, kiti walichokaa na palipouma. Kila abiria anatia sahihi mbele ya jina lake. Kisha makanga anapiga mstari chini ya jina la mwisho, anaupiga picha ukurasa, na kuituma kwa mwenye gari kabla hajaondoka barabarani. Kampuni ya bima inaupata siku hiyo hiyo, polisi wanaupata, na abiria aliyeumia kweli ana ushahidi ambao hakuna wakili wa kuupangua.

Mwanzoni makanga wetu walinung'unika, kwa kuwa tuliwakatia riziki ya pembeni. Kamati ikakubali kuwalipa kitu kwa kila ukurasa uliojazwa vizuri. Mwaka wa pili kijana mmoja alitusimulia jinsi broka alivyomfuata hadi nyumbani na bahasha, naye akamwonyesha picha ya ukurasa, na ule mstari chini ya jina la saba. Broka alitazama, akairudisha bahasha mfukoni, akaenda zake.

Yule muuza samaki nilimtembelea mwezi uliopita. Anauza akiwa ameketi siku hizi, binti yake ndiye anayezunguka. Alipata sehemu ya fidia yake, si yote, na kwa kuchelewa mno. Nilimweleza habari za daftari, akaniuliza kama kwenye gari la siku ile jina lake lingekuwa la ngapi. Nikamwambia la kwanza, kwa sababu alikaa mbele.

Daftari moja halifiki bei ya chapati chache na chai. Nunua, liweke chini ya kiti leo jioni, na kalamu mbili.