Brosi ya ndevu: nunua iliyo laini, isiyo ya bei kali



Mara nyingi hapa tunaongea juu ya kofia ngumu, viatu vya kazi na mikanda. Leo nataka kuongea juu ya kitu kidogo ambacho kampuni haikupi, nacho kinakaa nyumbani karibu na beseni ya kunawia: brosi ya kupakia sabuni ya ndevu. Najua wengine watacheka. Wacheke kwanza, halafu wasome.

Wewe unayefanya kazi penye vumbi, kwenye mashine ya kutoboa au ya kuvunja mawe, unavaa maski. Maski hiyo inakukinga tu kama ukingo wake umelala juu ya ngozi tupu, toka juu ya pua, kupita mashavuni, hata chini ya kidevu. Mahali ndevu zilipoota, ukingo unainuka. Unywele mmoja wa ndevu una unene wa karibu mikroni 100, ndiyo sehemu moja ya kumi ya milimita. Vumbi lenye kuingia ndani kabisa ya mapafu ni dogo chini ya mikroni 10, na lile baya zaidi ni dogo kupita hapo. Pima mwenyewe: mlango umeachwa wazi, na mwizi ni mwembamba. Hata ndevu za siku mbili zinatosha kuuacha wazi. Na vumbi la mawe yenye silika linaleta silikozi, ugonjwa wa mapafu usiokuwa na dawa ya kuuponya. Hauji kesho. Mara nyingi unakuja baada ya miaka 10 na zaidi, wakati mtu anawaza pensheni yake.

Sasa simama mlangoni mwa mgodi wakati posti ya asubuhi inapoingia, uangalie nyuso. Utaona wengi wenye ndevu za siku tatu, nne. Uwaulize sababu, nao watajibu: "Wembe unanichoma." Hawasemi uongo. Ndevu zetu sisi watu weusi zimejikunja. Zikikatwa chini sana zinabaki na ncha kali, na zikiota tena zinapinda na kuichoma ngozi, zinafanya vipele shingoni na chini ya taya. Mtu mwenye vipele hivyo anaogopa wembe kama mtoto anavyoogopa sindano. Basi mimi sikubaliani na wakubwa wa kazi wanaomfokea tu mtu huyo kwamba ni mvivu. Afadhali kumwonyesha namna ya kunyoa bila kuumia, na hapo ndipo brosi inapopata kazi yake.

Unywele mkavu ni mgumu. Ukiloweshwa kwa maji ya moto dakika mbili au tatu, unakunywa maji na kulegea, na wembe unapita bila kuvuta. Brosi laini inashika maji hayo ya moto pamoja na povu, inayafikisha mpaka kwenye shina la unywele, na kuziinua ndevu zilizolala. Mkono unaweza kupaka sabuni, ndiyo, lakini hauwezi kushika maji. Katika mwezi wa sita na wa saba, wakati wa baridi ya asubuhi, utaona tofauti wazi. Mama akiwasha mbabula kwa ajili ya chai, kikombe kimoja cha maji hayo kinatosha.

Unaponunua, ujue ziko brosi za namna tatu nne. Ile inayosifiwa sana ni ya manyoya ya mnyama wa Ulaya na Asia ambaye Wafaransa wanamwita blaireau. Hata brosi yenyewe wanaiita kwa jina lake. Ni laini na inashika maji mengi, lakini bei yake si ya watu wa posti. Iko ya manyoya ya nguruwe, rahisi. Hiyo ni ngumu ikiwa mpya, inataka kuloweshwa kabla ya kazi, na inalainika baada ya majuma kadhaa. Yangu ya kwanza ilikuwa ya namna hiyo. Sikuwa na uvumilivu, ikanikwaruza shingo siku nne, nikaitupa chini ya kitanda. Iko pia ya manyoya ya farasi. Mwisho iko ile ya nyuzi za kiwandani. Zamani watu waliidharau, na kweli zile za zamani zilikuwa kama ufagio. Lakini za siku hizi nyingi ni laini sana, zinakauka upesi, na hazitaki kuloweshwa. Kwa mtumikaji, mimi nachagua hiyo bila kusita.

Usinunue kwa macho. Pale sokoni, bonyeza ncha za nyuzi nyuma ya mkono wako, halafu shavuni. Zikikuchoma hapo zikiwa kavu, shingo yenye vipele itakataa. Vuta kidogo: zikitoka nyuzi mbili tatu si kitu, zikitoka nyingi irudishe kwa mwuzaji. Tazama kama nyuzi zimesongamana, zisiwe chache zilizotawanyika. Kipini kisikudanganye, kipini kizuri hakinyoi. Na kuhusu bei, mtu anayelipa Simba tatu kubwa siku ya Jumamosi asiniambie kwamba brosi imemshinda.

Ukiisha kupaka, usisugue kama unayesafisha sufuria, zungusha polepole. Nyoa kufuata ndevu zinakoelekea, usivute ngozi, usirudie mara nyingi mahali pamoja. Na wembe uwe mpya.

Neno moja kwa nguvu: brosi na wembe ni vya mtu mmoja. Wakati wa vita ya 1914-1918, manyoya ya blaireau yalipokuwa adimu, viwanda vilitumia manyoya ya farasi yasiyosafishwa vizuri. Yalibeba kimeta, ule ugonjwa wa mifugo, na zaidi ya watu 200, wengi wao askari wa Marekani na Uingereza, waliugua kwa njia ya brosi za ndevu. Leo viwanda vinasafisha manyoya, lakini hatari nyingine imebaki: damu. Wembe unakata kidogo, brosi inapita juu yake, kisha ndugu yako anaomba kuiazima. Kirusi cha ugonjwa wa ini, hepatiti B, kinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 hata damu ikiwa imekauka. Ukienda kwa kinyozi, beba vyako. Hakuna kinyozi mwema atakayekasirika. Na wewe mama, mtoto wako wa kiume akianza kunyoa, mnunulie yake, asichukue ya baba.

Baada ya kunyoa, osha brosi mpaka povu liishe, ikung'ute, iache mahali penye hewa. Usiifungie ikiwa na maji ndani ya mfuko wa plastiki, itaoza. Usiichemshe pia, gundi itaachia.

Nisifiche jambo moja: brosi haiponyi vipele. Wako watu ambao hata wakifanya haya yote shingo inaendelea kuvimba na kutoa usaha. Ikiwa ni wewe, usijinyoe kwa nguvu juu ya vidonda, wala usiende kazini na ndevu chini ya maski ukinyamaza. Nenda dispanseri, munganga akutazame na kukuandikia karatasi. Zipo maski za namna nyingine, zile zinazofunika kichwa kizima na kuletewa hewa safi na mashine ndogo, ambazo hazitaki ngozi iliyonyolewa. Ni za bei kubwa, na kwa sababu hiyo hakuna atakayekuletea bila wewe kuomba. Basi peleka karatasi ya munganga kwa mkubwa wako na kwa wajumbe wa usalama, uiombe.